Shore Jaladani

Msambweni,
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Ripoti uliyonitumia nimeipata. Kijana wa saiba alinichapia yote, kurasa 142, akanitoza kama anamchapia mbunge.

Umeniambia benki yenu inafikiria kuikopesha kampuni hiyo ya madini, na wewe ndiye uliyepewa fomu ya mazingira: alama 1 hadi 5, na chini yake kisanduku cha bioanuwai, vilevile 1 hadi 5, na bosi wako anaitaka Ijumaa. Ukaniuliza kwenye simu, "Shangazi, kwa macho yako, hawa ni 3 au ni 4?" Sikukujibu, nikasingizia mtandao. Leo nakujibu kwa kalamu, na naomba uanze kwa kulitazama jalada.

Jaladani kuna ndege. Picha safi, ametua kwenye tawi, nyuma yake kijani kibichi. Ndege huyo ni shore. Shore, mwanangu! Ndiye huyu anayenitoboa mapapai uani kila asubuhi, na bila shaka yuko kwenye ua wa ofisi yenu huko Nairobi, na jalalani Ukunda yuko pia. Simchukii, ana sauti nzuri. Lakini kampuni iliyochimba msituni ikimweka shore jaladani kama shahidi kwamba viumbe wamerudi, ni sawa na mtu aliyekuazima ng'ombe akakurudishia kuku, tena kuku mwenyewe alikuwa wako.

Sasa fungua ukurasa ule wenye grafu ya ndege, inayopanda vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Wanasema aina za ndege zimeongezeka tangu mgodi uanze. Huenda ni kweli, na bado isiwe habari njema. Ukiufyeka msitu, wanaingia ndege wa mashambani na wa vichakani, na ukichimba bwawa wanakuja wa majini. Wale wa kivulini, wanaochakura wadudu chini ya majani yaliyooza, wanapotea kimya kimya, kwa sababu hawajui kuvuka hata uwanja wa mpira. Ukihesabu jumla unaona faida. Ukiomba majina unaona msiba. Kwa hiyo waandikie leo hii uwaombe orodha ya majina, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka jana, uziweke ubavu kwa ubavu. Wasipoitoa, umeshapata jambo la kuandika.

Ripoti hii, nimeisoma mara mbili, inaeleza kampuni imefanya nini. Imepanda, imenunua, imefundisha, imejenga uzio, imeadhimisha Siku ya Mazingira na watoto wa shule wamevaa fulana. Fomu yako inauliza ardhi imekuwaje. Mtu anaweza kufanya mengi sana na ardhi ikawa vilevile.

Hili silisemi kwa ujuaji. Nililipia. Nilipokuwa bado kazini, nilipelekwa na wakaguzi kwenye mgodi mmoja, siutaji, wenye kitalu kizuri kama nyumba ya harusi. Miche imepangwa kwa mistari, vibao vya majina, mabomba ya kunyunyizia, na kina mama wa kijijini wameajiriwa kujaza udongo kwenye mifuko. Nikaonyeshwa daftari la miche iliyotoka kwenda kupandwa, nikajumlisha, nikaandika "utendaji wa kuridhisha". Tulikula wali kwa samaki wa nazi, tukarudi mjini.

Miaka miwili baadaye nikapita njia ile kwa shughuli nyingine, nikamwomba dereva asimame. Kulikuwa na vigingi vyekundu vya ploti moja, naikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeipima. Miche 25 ilipandwa pale. Niliikuta minne, na yote minne ni mvinje. Nikang'oa kijiti kimoja kilichokauka. Kilitoka na mfuko wake wa plastiki, mizizi imejizungusha ndani kama tambi kwenye sufuria. Aliyekipanda alikuwa analipwa kwa idadi ya mashimo, hakuwa na sababu ya kuvua mfuko. Kwenye daftari mche ule ni mmoja kati ya maelfu, na sahihi yangu iko chini yake hadi leo.

Tangu siku hiyo nikisikia "tumepanda miti kadhaa" ninauliza: mingapi ilikuwa hai baada ya kiangazi cha pili? Ya aina gani? Mbegu zilitoka msitu gani? Na je, iko yoyote iliyoota yenyewe? Hili la mwisho ndilo linalonipa usingizi au kuninyima. Mti uliopandwa unakuonyesha bajeti ya kampuni. Mche ulioota bila kupandwa unakuambia kwamba kuna ndege au popo aliyeleta mbegu, na udongo ulioikubali.

Unaikumbuka Bamburi, mlivyopelekwa na shule mkamwona yule kiboko? Zamani pale palikuwa timbo la kiwanda cha saruji, mwamba wa matumbawe uliochimbwa hadi ukawa mweupe kama mfupa, hata nyasi haioti. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, Mswisi René Haller, alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Lakini majani ya mvinje ni kama sindano, hayaozi upesi, yakawa yanajilimbikiza chini bila kuwa udongo. Aliyeokoa kazi ni jongoo. Haller aliona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala majani yale, akawaleta kwa mamia, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Juu ya udongo huo ndipo miti mingine ikaweza kusimama. Mradi wa fedha zote zile, na uti wa mgongo wake ni jongoo! Nimeupenda mfano huo maisha yangu yote, lakini hata hapo usichanganye mambo. Mvinje asili yake ni huko mashariki, Asia na Australia. Pale Bamburi pamefufuliwa, na kufufuka kule ni ajabu, ila mahali palipofufuka si lazima pawe msitu uliokuwapo. Ripoti yako inatumia neno moja, "kurejesha", kwa yote mawili. Pigia mstari kila linapotokea uulize: kurejesha kiwe kama kilivyokuwa lini?

Hilo "lini" lina ujanja wake. Tathmini ya athari kwa mazingira huwa na hali ya mwanzo, yaani nini kilikuwapo kabla ya tingatinga. Kampuni ikichukua mwaka wa mwanzo baada ya barabara kukatwa na vibarua kuingia, itaonekana imeharibu kidogo. Huku kwetu Kwale, kwa mfano, sehemu ya ardhi iliyochimbwa ilikuwa mashamba ya watu, minazi na mikorosho, na pembeni yake kuna msitu wa hifadhi wa Gongoni na vibaki vya msitu wa pwani. Anayesema palikuwa msitu mtupu anatia chumvi, na anayesema palikuwa shamba tu pia anatia chumvi. Ni lazima ujue kipande kwa kipande.

Na kwa kuwa nimeutaja mgodi wa Kwale, ngoja niukalie kidogo, maana ndio niliouona kutoka mwanzo hadi mwisho. Leseni walikuwa nayo Wakanada, Tiomin, ikaja mikononi mwa Base Resources ya Australia mwaka 2010, meli ya kwanza ya madini ikaondoka Likoni mapema 2014, na uchimbaji ukasimama Desemba 2024. Miezi michache kabla ya hapo kampuni mama ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Walichokuwa wanafuata ni mchanga mzito: ilmenaiti, rutaili na zirkoni, vitu vinavyoishia kwenye rangi nyeupe ya ukuta na vigae vya bafuni. Uzuri wa mchanga huu ni kwamba hautenganishwi kwa sayanidi kama dhahabu. Unapitishwa kwenye maji, halafu kwenye sumaku na umeme. Basi mtu wa haraka akisikia hakuna sumu anaandika 5.

Taratibu. Kazi ile inakula maji. Mto Mkurumudzi ulijengewa bwawa la mita za ujazo milioni 8.4, na mto ule haukuwa na mwenyewe mmoja, kuna miwa na kuna vijiji. Tena madini mazito ni sehemu ndogo tu ya mchanga. Unaobaki wote, pamoja na tope laini, lazima urudi mahali fulani. Tope hilo likikauka linapasuka kama kisigino, likilowa linateleza, na mti haujui uukamate upande gani. Hapo ndipo unapotakiwa udongo wa juu, ule wa futi moja wenye mbegu zilizolala na kuvu wanaoishi na mizizi. Kampuni yoyote itakuambia "tuliuhifadhi". Waulize ulikaa kwenye tuta miezi mingapi, na tuta lilikuwa na urefu gani. Tuta refu likikaa miaka, mbegu za ndani zinakufa na kuvu wanakufa, na siku ya kuutandaza unatandaza vumbi tu. Swali hilo dogo limewahi kunyamazisha chumba kizima, wenye kompyuta zao na wenye kofia zao za plastiki.

Kitalu cha miti ya asili cha Kwale nilikiheshimu. Walishughulika hata na mti ule adimu, Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe, ambao katika dunia nzima uko kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ya Kenya na Tanzania. Kuotesha mti kama huo si mchezo. Lakini alama yao kwangu bado haijaandikwa, na sioni aibu kusema hivyo. Mtihani wa mgodi unaanza pale mitambo inapozimwa, mabomba ya kunyunyizia yanapoondolewa, na afisa mazingira anapopata kazi kwingine. Kwa hiyo katika fomu yako kisanduku cha "mpango wa kufunga mgodi" usikifanye cha mwisho. Sheria ya Madini ya 2016 inataka dhamana ya kulinda mazingira. Tafuta ni kiasi gani, kimekadiriwa lini, na je, kinatosha kumlipa mtu mwingine aimalize kazi kampuni ikifilisika. Wewe ni mtu wa benki, hili utalijua kuliko mimi.

Kuna ngazi nne ambazo bila shaka umeshafundishwa: kuepuka, kupunguza, kurejesha, na mwisho kabisa kufidia. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia, vya 2012, namba 6, vinataka hivyo kwa mpangilio huo, na mahali penye viumbe adimu vinataka faida, si kutopoteza peke yake. Katika kurasa zako 142, kuepuka kumepewa aya moja. Fidia ina sura nzima na ramani ya rangi. Maana yake wameanzia ngazi ya nne. Na ukiwauliza ni kipande gani cha ardhi mlichoamua kutokigusa japo kina madini, ndipo utajua kama walipanda ngazi au waliruka.

Fidia ni kwamba naharibu hapa, nalinda pale. Mfano wa kuusoma kwa makini uko jirani, Madagaska. Mgodi wa nikeli wa Ambatovy ulimaliza hekta 2,064 za msitu, ukachukua misitu minne kwingine uilinde. Mwaka 2022 watafiti waliandika katika jarida la Nature Sustainability kwamba hadi Januari 2020 ulinzi huo ulikuwa umezuia ukataji wa hekta 1,644 hivi, kama asilimia 79 ya deni. Tazama walivyopima: hawakuhesabu ukubwa wa misitu iliyolindwa, maana misitu hiyo ingekuwapo hata bila mgodi. Waliilinganisha na misitu mingine inayofanana nayo ambayo hakuna aliyeilinda, wakapima tofauti. Hiyo ndiyo kazi ya kiume, au tuseme ya kike, maana aliyeongoza utafiti ule ni mwanamke. Kampuni yako inasema "tunalinda hekta 3,000". Zilikuwa zinakatwa na nani?

Lakini hata Ambatovy walipima miti kwa satelaiti, hawakupima vyura. Na msitu ukilindwa, kuna mkulima ambaye kesho hana pa kufyeka shamba la mpunga. Huko kusini, Fort Dauphin, kwenye mgodi wa Rio Tinto unaochimba ilmenaiti, ndugu wa mchanga wetu, wanakijiji walilalamika kwamba msitu wa fidia umewafungia mashamba wao ambao hawakuchimba hata koleo moja. Kampuni hiyo mwaka 2004 ilikuwa imetangaza Bangkok mbele ya wahifadhi wa dunia kwamba itaacha bioanuwai ikiwa nyingi kuliko ilivyoikuta. Baadaye ikaiacha ahadi. Ahadi ya miaka 30 kutoka kwa kampuni inayobadilisha mkurugenzi kila miaka mitano, mimi huipokea kama pole ya msibani, naitikia na kuendelea na shughuli.

Usiende na gari lao peke yake. Najua utafika asubuhi, utapewa kofia na viatu, filamu ya usalama, chai, mandazi, kisha basi litakuzungusha mahali palipofagiliwa. Nenda. Kisha omba siku ya pili, uende kwa bodaboda, uanzie kisimani. Kwenye mgodi mwingine, nao siutaji, mama mmoja alinishikisha kamba ya ndoo yake akaniambia, "Zamani pima sita, sasa pima tisa." Ripoti ilikuwa na majedwali ya maji kurasa kumi na kamba ile haikuwamo. Sasa, uwe mwadilifu pia: mwaka ule ulikuwa wa ukame. Nikatembea hadi kijiji cha pili, mbali na mgodi, nikauliza kamba. Nao wameongeza, lakini pima moja. Hapo nikawa na la kuandika. Ni lilelile la misitu ya Ambatovy, ila la kwangu lilipimwa kwa mikono ya mama aliyechoka.

Na angalia majira. Ukaguzi wao ulifanyika siku tatu za Agosti. Anayetaka kujua kama miti imeshika mizizi aje mwisho wa kaskazi, Machi, jua likiwa limeshamaliza kazi yake. Anayetaka vyura aje usiku baada ya mvua za masika. Huku Kwale tuna chura wa matete mwenye michirizi myekundu mgongoni ambaye hapatikani popote duniani ila Shimba Hills na kandokando yake, mdogo, anakaa juu ya kidole chako. Agosti hutamwona, na fomu itaandikwa "hakuonekana".

Jambo moja zito, halafu nikuache. Januari 25, 2019, bwawa la tope la mgodi wa chuma lilipasuka Brumadinho, Brazil, watu 270 wakafa, wengi wao mchana kweupe wakiwa kazini na kwenye chumba cha kula. Miezi michache kabla, wakaguzi wa nje, watu wenye shahada na mihuri, walikuwa wameandika cheti kwamba bwawa liko imara. Nakutajia hili kwa sababu ripoti yako ukurasa wa 96 inasema bwawa lao "limethibitishwa na mtaalamu huru". Umtafute ni nani, anayemlipa ni nani, na chini ya bwawa anaishi nani. Ramani yao imekata pale mto unapotoka kwenye uzio. Chukua ramani nyingine uifuate.

Sasa 3 au 4. Mwanangu, kwa karatasi hizi, kisanduku cha bioanuwai mimi ningekiacha wazi, na pembeni niandike "haiwezi kupimwa kwa taarifa iliyotolewa", na niorodheshe kilichokosekana: majina ya ndege, hesabu ya miche iliyo hai, umri wa matuta, msitu wa kulinganishia. Bosi wako atanuna. Mfumo wenu wa kompyuta huenda ukakataa kisanduku kitupu, najua mambo hayo. Ukikataa, weka 1, kisha uache maelezo yaseme. Baba yako atasema nakuharibia kazi. Mwambie aje tuongee, tena aje na ile redio yangu.

Mvua zikianza, omba ruhusa siku mbili uje. Nataka nikupeleke bondeni usiku, tukasikilize. Uje na mabuti ya mpira namba yako, yangu hayatakutosha, na tochi nzuri, maana ya kwangu betri zimevuja. Kijana wa saiba anakusalimu, anauliza kama zipo ripoti nyingine.

Ni mimi,
Shangazi yako